Alama ya Kutoa na Ukuta wa Mjomba Mkude

Wiki iliyopita mjukuu wangu Mwanaidi, anayesomea ualimu, alinionyesha hesabu aliyokoseshwa na mwalimu wake. Njia ilikuwa sawa tangu mwanzo hadi mwisho, ila alama moja ya kutoa ilikuwa imepotea katikati. Akacheka, akasema, "Ni alama tu, Babu." Sikumjibu. Nilikwenda kukaa uani mpaka hasira ikanishuka, na nilipotulia nikajua kwamba sikuwa nimemkasirikia yeye. Haya ninayoandika ni jibu langu kwake, na kwenu nyote mnaosoma hesabu za namna hiyo siku hizi.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi ya michoro hapa Morogoro, enzi za Mjerumani. Kabla ya hapo nilikuwa mshika mnyororo wa kupimia, yaani yule anayetembea mbele porini na kuchomwa na miiba ya kwanza. Aliyenitoa porini akaniketisha mezani ni mhandisi mmoja mzee ambaye sisi tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa na mguu mbovu na subira ndogo, lakini alipenda kufundisha. Aliona kwamba mimi na mwenzangu Rajabu tulikuwa wepesi wa kuzidisha, akaamua kutupa kazi ambayo katika ofisi nyingine walipewa Wazungu watupu. Wenzake walimcheka kwa hilo, naye hakujali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Una vitu viwili vilivyozidishwa pamoja. Kimoja ni cha nambari na pembe, tuseme pembe mara pembe, au tatu ongeza pembe. Kingine ni sini au kosini ya pembe hiyohiyo. Unatakiwa kujumlisha vipande vyote vyembamba vya zao hilo, kutoka pembe hii mpaka ile. Nyinyi mna majina makubwa ya vitabuni kwa mambo haya. Sisi tulisema "kushusha" na "kukusanya" tu, na Bwana Miwani akaturidhia.

Alitufundisha kuchora safu mbili. Safu ya kushoto unashusha. Pembe mara pembe inashuka kuwa pembe mbili, pembe mbili inashuka kuwa mbili, mbili inashuka kuwa sifuri, na hapo umefika. Safu ya kulia unakusanya. Sini inakuwa kosini yenye alama ya kutoa, halafu sini yenye alama ya kutoa, halafu kosini safi, halafu unarudi ulikotoka. Baada ya hapo unazidisha kwa mshazari, cha kushoto na cha kulia kilicho mstari mmoja chini yake, na kila mshazari una alama yake: ongeza, toa, ongeza, toa. Siri yote ni kujua cha kukiweka kushoto. Unaweka kile kitakachokwisha, kwa sababu sini na kosini hazina mwisho, zinazunguka tu.

Mimi niliijua siri hiyo kwa aibu. Nilikuwa nimesoma Kurani chuoni kwa maalimu, na mkono wangu ulizoea kuanzia kulia, kama herufi za Kiarabu. Mwezi wa kwanza nikaandika safu zangu kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo cha kushushwa nikakikusanya na cha kukusanywa nikakishusha. Pembe mara pembe ikawa pembe mara tatu, ikawa mara nne, ikawa mara tano. Nilijaza karatasi mbili. Bwana Miwani akaja kuuliza nitamaliza lini, nikamjibu kwa adabu kwamba bado inakua. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Rajabu naye aliitangaza habari hiyo sokoni, na kwa muda mrefu wauza mboga waliniuliza kama hesabu yangu imekoma kukua.

Siwezi kusema kwamba nilimkasirikia. Rajabu alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu, sote Waluguru, ni watani tangu kwa mababu, na nyinyi mnaokulia mjini huenda hamjui uzito wa jambo hilo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka. Anaweza kuchukua kofia yako akaenda nayo, nawe usiidai. Lakini ukifiwa, ndiye anayekuja kwanza, ndiye anayechimba, ndiye anayeingia kaburini na kulala humo akikataa kutoka mpaka apewe kuku, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Anachokisema siku ile hakuna wa kukishika. Ni utani, na utani hauna kesi.

Ofisini, Bwana Miwani alikuwa na desturi moja ambayo mpaka leo naiheshimu. Kila hesabu kubwa ilifanywa na makarani wawili, kila mmoja chumba chake, bila kuonana. Karatasi zikitofautiana, wote mnarudia. Zikilingana, anatia sahihi na mafundi wanaanza kazi. Hakuwa na muda wa kuipitia tena. Aliiamini ile desturi kuliko alivyotuamini sisi, na alikuwa na haki.

Sasa niwaambie kuhusu ukuta.

Palikuwa na barabara mpya ya kupanda mlimani, na mahali fulani ilikata kona chini ya mteremko mkali wa udongo mwekundu. Pale pakatakiwa ukuta wa mawe wa kuuzuia mlima usiteremkie barabarani. Ukuta ulipinda robo ya duara, na kadiri ulivyozunguka ndivyo udongo wa nyuma ulivyozidi kusukuma. Bwana Miwani alichimba mashimo, akapima, akatuletea hesabu: tatu ongeza pembe, mara sini ya pembe, kuanzia sifuri hadi pembe mraba. Jibu ndilo lingetoa unene wa ukuta. Kwa sisi ilikuwa hesabu ya nusu saa, mistari miwili tu na sifuri.

Asubuhi hiyohiyo ikaja habari kutoka Kinole kwamba Bibi, mama yake mama yangu, amefariki. Bwana Miwani alituruhusu mimi na Rajabu twende kuzika, ila kwa sharti kwamba karatasi zote mbili ziwe mezani kwake kwanza.

Nilifanya hesabu ile macho yakiwa yamejaa. Rajabu hakuianza kabisa. Mtani hapaswi kulikuta kaburi limechimbwa na wengine, na njia ya Kinole ni ndefu. Akaingia chumbani kwangu, jambo lililokatazwa, akaivuta karatasi yangu.

"Cha mtani ni changu," akasema.

Nami nikamwacha anakili. Karatasi zikalingana. Bwana Miwani akatupa pole, akatia sahihi kabla hatujafika mlangoni.

Kule Kinole Rajabu alifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Kaburi lilipokamilika akaruka ndani, akajinyoosha, akasema hapa ni pazuri, hatoki. Wajomba wakamwonyesha kuku, akamkataa akisema amekonda. Halafu akaninyooshea kidole. Akawaambia watu wasikubali mimi nifukie, kwa sababu mimi kichwani mwangu ukiongeza udongo mzigo unapungua. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, na nilimshukuru moyoni, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa sijaweza hata kutabasamu.

Msimamizi wa mafundi wa mawe alikuwa Mjomba Mkude, ndugu wa tumbo moja wa mama yangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Huyu ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipeleka chuoni kwa maalimu, ndiye aliyeniombea kazi ya mnyororo. Hakujua kusoma. Aliligonga jiwe kwa nyundo akasikiliza, kisha akakwambia litapasukia wapi, na lilipasukia hapo.

Baada ya wiki kadhaa nilipelekwa kwenye ile kona kuhakiki vipimo. Ukuta ulikuwa umeshafika kifuani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mama. Kisha akaweka shubiri zake juu ya ukuta, akahesabu, akanitazama.

"Mpwa wangu, ukuta huu umekonda," akasema. "Mimi ningeuongeza nusu yake tena. Hesabu yenu haikukosea?"

Vijana, hapa ndipo ningependa niirudishe siku nyuma. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na nina kalamu mfukoni, na mafundi walikuwa wanasikiliza. Nikamjibu kwamba hesabu ilifanywa na watu wawili, kila mmoja chumba chake, na tukapata sawa. Mjomba akatikisa kichwa. Akasema basi, kama ni wawili, yeye ni nani. Akachukua nyundo yake akaendelea.

 Nilijua kwamba wale wawili walikuwa mmoja. Nikarudi ofisini nikaitoa karatasi yangu, na maneno ya Rajabu ya kaburini yakanirudia, kwamba ukiongeza udongo mzigo unapungua. Kwa mara ya kwanza nikayasikia kama maneno ya karani.

Tazameni wenyewe. Tuseme msukumo haukuongezeka kabisa, ni tatu tangu mwanzo hadi mwisho wa kona. Tatu mara sini, kutoka sifuri hadi pembe mraba, jibu ni tatu. Mtoto anaweza kuifanya. Sasa msukumo unaongezeka njia nzima, kwa hiyo jibu halina budi kuwa zaidi ya tatu. Mimi niliandika mbili.

Kosa nililiona mara moja. Mshazari wa kwanza ulikuwa sawa: tatu ongeza pembe, mara kosini yenye alama ya kutoa. Mshazari wa pili ni moja mara sini, na sini ile kwenye safu ina alama yake ya kutoa, na mshazari wenyewe una alama ya kutoa. Kutoa mbili zinakuwa ongeza. Mimi niliandika moja nikaisahau ya pili. Mwisho wa kona nilitakiwa kupata moja, nikapata toa moja. Mwanzo wa kona ni toa tatu kwa vyovyote. Moja ukiondoa toa tatu ni nne. Toa moja ukiondoa toa tatu ni mbili. Ukuta uliotakiwa kubeba nne nilikuwa nimeupa nguvu za mbili.

Nikamfuata Rajabu, nikamwuliza kama aliliona.  Akasema aliliona akiwa ananakili, au alidhani ameliona, lakini karatasi zilikuwa zimekwisha andikwa na njia ilikuwa inamngoja. Akasema aliniambia.

"Uliniambia kaburini," nikasema.

"Mtani husemea wapi?"

Bwana Miwani alikuwa safarini Kisaki, angerudi baada ya siku tatu. Tukakubaliana kumngoja. Tulijua kinachotungoja na sisi: kiboko cha hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano, kwa kudanganya, na kurudi kwenye mnyororo. Lakini siwadanganyi, si kiboko peke yake kilichonizuia nisiende kwa mjomba jioni ile. Kwenda kwa mjomba kulimaanisha kusimama mbele ya mafundi walewale nikasema kwamba shubiri zake zilijua na kalamu yangu haikujua. Nikajiambia kwamba siku tatu si nyingi, na ukuta umesimama mwezi mzima. Nikajiambia masika bado.

Mvua ilinyesha siku ya pili. Ilianza asubuhi, na kufika saa sita maji yalikuwa yanashuka mlimani kwa kila mfereji. Mjomba aliwaondoa mafundi wake wote chini ya ukuta. Yeye akabaki, akizibua matundu ya kutolea maji yaliyokuwa yameziba matope, maana alitaka kuuokoa. Ukuta ulifunguka mwisho wa kona, pale pale ambapo hesabu ingekwambia.

Niliukuta mwili wake umelazwa juu ya mbao za ujenzi, na mafundi wamesimama kuuzunguka mvuani, hakuna aliyetafuta pa kujikinga.

Bwana Miwani alirudi kesho yake. Alikwenda kwenye kona akichechemea, akaangalia, akarudi ofisini akazitoa karatasi mbili kutoka kabatini. Mimi na Rajabu tulikuwa tumesimama mbele yake. Aliziweka sambamba, akafuata mstari wa mwisho kwa kidole, mbili na mbili. Akasema zinalingana, basi hesabu ni salama. Akaandika kwamba ukuta ulianguka kwa sababu ya mvua na chokaa mbovu ya fundi. Nilifungua mdomo, na sauti haikutoka. Hilo pia liwekeni kwenye hesabu yangu.

Tulimpandisha Mjomba Kinole kwa machela. Njiani habari ilikuwa imeshatutangulia. Nilisikia watu wawili wakisema kwa masikitiko kwamba Mkude alikuwa fundi mzuri, ila siku hizi chokaa yake ilikuwa imeharibika. Miaka thelathini ya mawe yake mazuri ikafutwa kwa sentensi ile moja.

Kaburi likawa tayari. Watu wakamtazama Rajabu, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Hakuruka kama siku ya Bibi. Aliteremka taratibu akishika kingo, akalala chali, akafumba macho. Wazee wakaleta kuku, akatikisa kichwa. Wakasema mbuzi, akatikisa kichwa. Watu wakaanza kutabasamu, wakiona leo mtani amekuja na bei kubwa. Ndipo akafumbua macho akanitazama mimi.

"Sitoki," akasema, "mpaka huyu aseme nani aliyeuangusha ukuta."

 Nikaelewa kwamba ananipa nafasi ambayo nisingepata tena, mahali pekee ambapo mimi na yeye tungeweza kusema lolote. Nikasogea ukingoni. Safari hii sauti ilitoka.

"Chokaa ya Mjomba ilikuwa nzuri," nikasema. "Hesabu ndiyo ilikuwa mbovu. Niliisahau alama ya kutoa. Mjomba aliniuliza, nikamdanganya. Nimemuua mimi."

"Na mimi nilinakili," akasema Rajabu kutoka chini.

Watu wakacheka.

Walicheka kwa nguvu, kama wanavyocheka wafiwa waliokuwa wamejibana tangu alfajiri. Mzee mmoja alijifuta machozi akasema watani wa siku hizi wana mambo, wanamuua mtu kwa kalamu. Kaka yake Mjomba akanishika bega akasema ahsante, mmetupunguzia uchungu. Rajabu alitoka kaburini bila kupewa kitu, udongo mgongoni, na hakuna aliyegundua kwamba alikuwa analia, kwa sababu kila mtu alikuwa na machozi.

Tuliporudi mjini niliifanya ile hesabu upya kwa mwandiko safi, safu mbili, alama zote, jibu nne, nikamwekea Bwana Miwani mezani. Nikamweleza nani alinakili na kwa nini. Nilikuwa tayari kwa kiboko, na nawaambia kweli kwamba nilikitaka. Aliisoma. Aliipitia mwenyewe kwa penseli. Akavua miwani, kisha akachana karatasi zote tatu. Ukuta mpya ulijengwa kwa unene wa nne. Neno lake kuhusu chokaa halikufutwa, na tangu siku ile hakunitania tena kuhusu hesabu inayokua.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi baadaye, chini ya Wajerumani na chini ya waliowafuata. Tangu siku ile niliandika alama za mishazari kwanza, kwa wino mwekundu, kabla sijaandika kingine chochote. Na kabla ya kuanza nilijiuliza jibu haliwezi kuwa chini ya ngapi. Rajabu naye hakuwahi tena kuingia chumbani kwangu kabla ya kumaliza yake. Alipokufa nilikwenda kumzika, maana nami ni mtani wake. Nililala kaburini mwake nikapewa kuku nikatoka, na sikuweza kusema neno la kuchekesha.

Kwa ukoo wangu ile habari ni kichekesho mpaka leo. Wakikutana harusini huniambia, karani, umemuua nani mwaka huu. Wanasema kwa upendo. Na wakimzungumzia Mjomba Mkude, wanasema alikuwa fundi mzuri aliyeponzwa na chokaa.

Mwanaidi, na nyinyi wenzake, nimeyaeleza haya mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza walicheka, mara ya pili karatasi ilichanwa. Hii ni ya tatu. Nyinyi ni wajukuu zangu, na babu hutaniana na wajukuu, lakini hapa sitanii. Chokaa ya Mjomba ilikuwa nzuri.